Hariri Iliyonuka Karatasi

Pua ya Bi Tunu ilikuwa na heshima zake mjini Arusha. Msicheke. Wengine huheshimiwa kwa mali, wengine kwa elimu ya chuoni. Yeye aliheshimiwa kwa pua. Alikuwa mjane, mfuaji nguo, mtu wa Pangani aliyefuatana na marehemu mumewe mpaka huku bara kwenye baridi ya Meru. Katika ule mtaa wa Waswahili chini ya boma la Wadachi, yaani Wajerumani, hapakuwa na bi harusi aliyejifunika hariri kabla Bi Tunu hajainusa.

Desturi ilikuwa hivi. Sanduku la bwana harusi likiletwa, wanawake wa upande wa bi harusi hukusanyika, kila kitu kikatolewa na kuonyeshwa watu: leso, udi, marashi, viatu, vigelegele juu kwa juu. Ikifika zamu ya hariri, watu hunyamaza. Bi Tunu huchomoa uzi mmoja ukingoni, huuweka juu ya kaa la moto, huinama. Hariri ya kweli huungua polepole, hunuka kama unyoya wa kuku, na huacha kidonge cheusi kinachosagika kidoleni. Hapo Bi Tunu huinua uso na kusema, "Ni mdudu huyu!" kwa maana hariri hutoka kwa mdudu, na nyumba nzima hulipuka kwa vifijo. Alijifunza hayo utotoni katika nyumba ya wauza nguo, na tangu siku hizo hakukosea hata mara moja. Naye alilijua hilo vizuri mno.

Mwaka huo, reli ikiwa imekwisha kufika Moshi na bidhaa za Ulaya zikija Arusha kwa magari ya ng'ombe, bi harusi alikuwa mjukuu wake mwenyewe, Zamda. Alimlea tangu mtoto hajaota meno. Bwana harusi alikuwa Abasi, fundi cherehani aliyeshonea barazani kwa Mhindi mmoja mwenye duka la nguo. Kijana mrefu, mpole, maneno machache. Bi Tunu alimpenda, ila hakumwambia. Alikuwa na desturi ya kumkoromea ili asijione.

Basi Alhamisi alasiri sanduku likaletwa. Abasi hana mama wala dada mjini, akalileta mwenyewe kichwani, akasimama mlangoni kama mgeni anayeona haya. Wanawake wakatoa hiki, wakatoa kile, wakatania, wakacheka. Mwisho ikatoka shali.

Jamani, shali! Rangi ya kitunguu, ndefu, inang'aa kama maji juani. Ilipopita mikononi mwa wanawake kila mmoja alisema "Aah" kwa sauti ya chini. Ilikuwa laini kuliko shavu la mtoto, baridi kidogo ukiigusa, na ilikuwa na uzito mtamu wa kuanguka: ukiitupa begani inateremka yenyewe, haibaki imesimama. Zamda alichungulia kutoka chumbani, akaziba mdomo kwa furaha.

Bi Tunu aliikamata. Aliifinya katika kiganja karibu na sikio. Hariri ukiifinya hulia, hutoa mlio mdogo kama mtu anayekanyaga mchanga mkavu. Hii haikulia. Akaifinya tena. Kimya. Akachomoa uzi, akauweka kwenye kaa.

Uzi haukuungua polepole. Ulishika moto mara moja, fyuu, ukaisha, ukaacha majivu membamba ya kijivu yaliyopeperushwa na pumzi yake mwenyewe. Harufu ilikuwa ya karatasi.

"Abasi," akasema Bi Tunu. "Hii nini?"

"Hariri, Bibi."

"Rudia."

"Hariri, Bibi. Wallahi, hariri mpya ya Ulaya."

Hapo Bi Tunu angeweza kuinyamazia. Angeweza kumwita kando, akamwuliza taratibu. Lakini wanawake ishirini walikuwa wakimtazama, na pua yake ilikuwa haijawahi kunyamaza mbele ya watu. Akasimama. "Karatasi hii! Unakuja kumposa mjukuu wangu kwa karatasi iliyotiwa rangi? Umetuona sisi ni washamba? Fundi mzima, nguo ndiyo kazi yako, usijue hariri na uongo? Tapeli wewe!"

Nyumba ikavurugika. Mmoja akasema yeye alishangaa tangu mwanzo. Mwingine akasema kitambaa chake cha kanzu kilipungua kwa Abasi, sasa anajua kilikwenda wapi. Uongo mtupu, lakini nani angemnyamazisha? Katika kusukumana sinia ya chai ikapinduka, shali ikalowa doa kubwa la hudhurungi. Alimtazama Bi Tunu, si kwa hasira, kwa mshangao tu, kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake bila kujua kosa. Kisha akatoka.

Usiku Zamda hakula. Asubuhi hakula. Alipoulizwa, alijibu maneno machache tu. "Umenusa uzi, Bibi. Mtu mwenyewe hukumwangalia hata usoni."

"Nyamaza! Wajua nini wewe?"

"Sijui kitu," akasema Zamda, akageukia ukutani.

Sasa vitu vya mtu vilipaswa kurudishwa, na Bi Tunu, kwa ukali wake wote, hakuwa mtu wa kurudisha kitu kichafu. Hata kama ni cha tapeli, hakitoki nyumbani kwake na doa. Ijumaa mapema akajitwika karai, akateremka mto Themi, mahali pake pa siku zote penye jiwe bapa. Alipaka sabuni shali ile, akaikunja, akaanza kuipiga juu ya jiwe kama alivyopiga nguo zote kwa miaka thelathini, na siku hiyo zaidi, kwa kuwa kila pigo alikuwa akimpiga Abasi. Hariri huvumilia pigo. Pamba huvumilia. Pigo la nne mkono wake ukahisi kitu kibaya. Akaikunjua.

Shali ilikuwa imekatika. Si kuchanika kwa mstari kama nguo. Ilikuwa imeachana kama mkate uliolowa kwenye chai. Akaikamua kwa hofu ili aitazame vizuri, na hapo akaimaliza: upande mmoja mzima ukabaki mkononi mwake.

"Ole wangu," akasema Bi Tunu, akaketi majini na nguo zake.

Alimshinda kijana kwa maneno mbele ya watu, hilo alikuwa nalo. Lakini kuharibu mali ya mtu, tena zawadi ambayo yampasa kuirudisha nzima? Angemrudishia nini sasa? Watu wangesema nini? Yeye, mfuaji asiyewahi kuchana hata leso!

Upande wa pili wa mto alikuwapo mwanamume mmoja akitandaza mashuka kwenye majani. Jina lake Solomoni, Mmeru wa Nduruma, Mlutheri, dobi wa mama mmoja wa Kidachi aliyekaa mlimani kuelekea Sekei. Walijuana kwa kazi. Mara nyingi waligombania mahali pa kuanikia. Akavuka kwa mawe, akakitazama kile kipande, akatikisa kichwa.

"Shikamoo, Bibi. Umeipiga hii?"

"Marahaba. Nimeipiga. Nguo isipigwe, apigwe nani?"

"Pole sana. Hii haipigwi. Mimi niliua ya kwanza vivyo hivyo, mama yangu Mdachi akalia kama mtoto. Ikiwa kavu ina nguvu, ikilowa ni mgonjwa. Unaiweka katika maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, unaibonyeza polepole, huikamui kamwe. Unaitandaza kivulini, basi. Ikikauka nguvu zinarudi."

Bi Tunu akamkazia macho. "Wewe waijua nguo hii?"

"Naijua hata inavyotengenezwa. Mama yangu yule, kabla hajaolewa na kuja huku, alikuwa msichana wa kazi katika kiwanda cha nguo hizi huko kwao. Ana alama za kuungua vidoleni mpaka leo. Bibi, hiyo ni mti."

"Solomoni, usinitanie leo. Sina hali."

"Sikutanii! Mti. Mti wenyewe, kama huu wa kuni." Akaokota ukuni uliokuwa umekwama maweni, akaukwangua kwa ukucha. "Wanaukata, wanaukatakata vipande vidogo, wanauchemsha kwa dawa kali mpaka ugumu wote unatoka, unabaki mweupe kama pamba iliyolowa. Hapo wanaukandamiza, unakuwa kama karatasi nene. Karatasi hizo wanazilowesha katika magadi."

"Magadi ya kupikia maharage?"

"Makali zaidi. Makali kuliko ya ziwani Momela. Ukitia kidole, ngozi inatoka. Kisha wanazisaga, wanaziacha siku kadhaa zilale, wanatia dawa nyingine inayonuka vibaya mno, anasema kama kabichi iliyooza. Msichana akirudi nyumbani hata nywele zinanuka, na kichwa kinamwuma. Yote hayo yanageuka rangi ya chungwa, yanakuwa mazito kama asali. Sasa hiyo asali wanaisukuma ipite kwenye bati lenye matundu membamba, membamba kuliko unywele, na upande wa pili kuna maji makali kama siki. Ikigusa tu yale maji, inaganda. Inatoka uzi."

Bi Tunu alikuwa ameisahau huzuni yake. Alikuwa anakunja vidole kana kwamba ameshika kitu. Kila Ramadhani yeye ndiye aliyewatengenezea watu tambi. Anaukanda unga, anauweka katika chombo chenye matundu chini, anausindilia kwa mti mpaka jasho linamtoka, na tambi zinateremka nyembamba, nyororo, zinaanikwa. Alizifanya tangu msichana.

"Tambi," akasema.

"Sijui hayo mambo ya kwenu."

"Ni tambi, Solomoni! Wanasindilia tambi za mti!" Akacheka kidogo, kisha akakitazama tena kile kipande. "Basi ndiyo maana ikanuka karatasi."

"Karatasi ni mti, Bibi. Lazima vinuke kama ndugu."

"Na huyo aliyeiuza, anajua?"

"Sasa hayo kamwulize mwenyewe."

Hakungoja hata kukamua nguo zake. Karai juu, maji yanamtiririka mgongoni, akapanda mpaka dukani kwa yule Mhindi. Baraza ilikuwa tupu. Mahali pa cherehani ya Abasi palikuwa na alama nne tu za miguu ya meza kwenye vumbi.

"Hii uliiuza wewe?" akamwuliza Mhindi, akimtolea kile kipande.

Mhindi akakipapasa, akahuzunika. "Nani ameua shali nzuri hivi?"

"Jibu kwanza! Ulimwambiaje Abasi?"

"Nilimwambia nilivyoambiwa mimi. Bweta limetoka Ulaya, barua inasema hariri mpya. Aliuliza mara tatu, Bibi. Kweli hariri? Kweli hariri? Nikamwambia kweli. Ameishonea mashati ya duka langu miezi saba, kila siku baada ya kazi za watu. Nilimwambia chukua kanga kumi badala yake, harusi ifanyike upesi. Akakataa. Akasema bibi wa mchumba wangu anaijua hariri, siwezi kumpelekea kitu kidogo."

Bi Tunu akateremsha karai chini.

Miezi saba. Kwa ajili yake yeye, si hata kwa Zamda. Kijana aliiogopa pua yake, akaiheshimu, akaishonea mashati mpaka macho yakamwuma, na yeye akamwita tapeli mbele ya wanawake ishirini. Aibu ilimpanda kutoka miguuni kama maji ya mto. Alikuwa hajasikia aibu namna ile tangu azaliwe.

"Yuko wapi?"

"Anakwenda Moshi. Tangu jana hakuna aliyemletea hata kifungo cha kushona, wanasema anaiba vitambaa. Amepata nafasi kwenye gari la ng'ombe la leo. Linaondoka watu wakitoka msikitini."

Msikiti wao ulikuwa kijumba cha udongo chenye bati, na magari ya kwenda Moshi yalisimama uwanjani mbele yake. Bi Tunu alipita nyumbani kwanza. Alichukua kigae cha makaa na ukuni mmoja wa jikoni. Alichukua ile shali iliyobaki, ambayo ilikuwa imeanza kukauka begani mwake na, kama alivyosema Solomoni, nguvu zilikuwa zinairudia. Alikata kwa mkasi sehemu iliyoharibika zaidi, ukabaki ukanda mrefu mwembamba. Haikuwa shali tena. Zamda alikuwa mlangoni anamtazama bibi yake aliyelowa, ameshika moto mkononi.

"Bibi, waenda wapi?"

"Naenda kumeza maneno yangu. Njoo uone, maana hutaona tena."

Watu walikuwa wanatoka, wanavaa viatu. Gari lilikuwa limekwisha kufungwa ng'ombe, na juu ya magunia ya ngozi ilikuwapo cherehani, imefungwa kwa kamba na kufunikwa gunia. Abasi alikuwa amesimama pembeni peke yake. Watu walimpita bila kumsalimu.

Bi Tunu akaweka kigae katikati ya uwanja.

"Simameni!" akapaza sauti. "Simameni jamani, na wake zenu mkawaambie. Jana nilichoma uzi, mkasikia habari zake. Leo nachoma tena."

Watu wakasimama. Nani angepita asione? Akachomoa uzi ukingoni mwa ule ukanda, akautupa kwenye kaa. Fyuu. Akachomoa kibanzi cha ukuni, akakitupa pale pale. "Nuseni. Wewe, njoo unuse. Na wewe. Kuna tofauti?"

Walioinama wakasema hakuna.

"Hakuna kwa sababu ni kitu kimoja. Kitambaa hiki ni mti. Wadachi wanauchemsha kwa magadi, wanausindilia kama tambi, unatoka uzi. Msiniulize zaidi, kamwulizeni Solomoni dobi. Nilisema si hariri, na kweli si hariri. Lakini nilimwita huyu kijana tapeli." Akamwonyesha Abasi kwa mkono. "Hapo nilisema uongo. Ameinunua kama hariri, ameuliza mara tatu, ameifanyia kazi miezi saba. Hakuiba kitambaa cha mtu. Anayesema kaiba aje aniambie mimi, hapa, sasa hivi."

Hakuna aliyekuja. Mwanamke mmoja nyuma alijifanya anamfunga mtoto mgongoni.

Abasi hakusogea. "Bibi, usijisumbue," akasema polepole. "Yamepita."

"Hayajapita. Inama."

"Bibi?"

"Wewe mrefu, mimi mfupi. Inama, mwanangu."

Akainama. Bi Tunu akauzungusha ule ukanda wa rangi ya kitunguu kichwani mwake, mara moja, mara mbili, kama wanavyofungwa vilemba waheshimiwa. Vidole vyake vya mfuaji, vigumu, vilivyokauka kwa sabuni, vilikuwa vinakwama kwenye ulaini ule. Kutoka nyuma mzee mmoja akakohoa. "Bi Tunu, mwanamume havai hariri. Unamtia dhambini mtoto wa watu."

Bi Tunu akageuka na ule ukali wake wote, na watu wakajua kwamba hajambo. "Hariri gani? Nimechoma mbele yako, umenusa kwa pua yako! Hiki ni mti. Mti nani kaukataza?"

Mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyekuwa bado mlangoni mwa msikiti, akacheka mpaka akashika kizingiti. "Bi Tunu ana haki," akasema. "Tulichokatazwa ni cha mdudu." Uwanja mzima ukacheka naye, na mara mtu mmoja akamwendea Abasi akampa mkono, na mwingine akamwuliza kanzu yake ya sikukuu itakuwa tayari lini.

Zamda alikuwa amesimama karibu na gari. Alianza kufungua kamba za cherehani.

Abasi akapapasa kilemba kichwani, taratibu, kwa vidole vya fundi. Akafika kwenye sikio la kushoto, vidole vikasimama. "Bibi, hapa pamechanika."

"Najua. Nilipapiga jiweni mwenyewe."

"Nipe niupinde huo ukingo, nipashone. Haitaonekana."

"Usipashone," akasema Bi Tunu, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote, wala hakuyafuta. "Paache paonekane. Wakikuuliza nani kachana, waambie ni mimi."

Abasi akapaacha. Akaenda kumsaidia Zamda kuteremsha cherehani.